Oili Chini ya Pijo

Wapo watu Ihanda wanaosema Mzee Eliakim Mbonile aliipenda Pijo yake kuliko mkewe. Ni maneno ya watu wasio na shamba la kupalilia. Mzee alikuwa na mke mmoja na gari moja, na kichwani mwake hizo hazikuwa habari mbili. Ile Pijo 504, pikapu nyeupe, aliipata mwaka ambao kahawa ya Mbozi ilikubali hadi nusu ya kijiji ikaezeka mabati mapya. Safari yake ndefu ya kwanza ilikuwa kupanda Kafule, milima ya Ileje, kumchukua Tumpale kwao. Bibi harusi alikaa mbele, sanduku lake nyuma, na mama yake, Bi Ketrina, alilifuata gari kwa miguu mpaka likamshinda.

Sasa Tumpale alikuwa na mvi, na macho yake yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichokwisha potea hakirudi, matone yatalinda kilichobaki, kwa muda gani hakuna ajuaye. Walipofika nyumbani Tumpale akasema, "Baba Lusubilo, nipeleke nikamwone mama kabla giza halijafunga. Nimwone uso wake, na ile milima."

"Nitakupeleka mwenyewe," Eliakim akajibu. "Na Pijo yetu."

Lakini Pijo ilikuwa inavuja oili, na si kidogo. Kuipandisha Kafule hivyo ilikuwa kuiua injini njiani. Eliakim hakuwa fundi wa magari, ila kwa miaka mingi ndiye aliyeihudumia mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi chao. Huko kila kinachovuja kina dawa moja: kata kipande cha tyubu, weka katikati, kaza bolti mpaka mkono ukatae. Maji hayapiti hapo. Basi akafungua kifuniko cha juu cha injini, akakata tyubu kwa wembe, taratibu, akakaza mpaka mkono ukakataa. Pakakauka, na mzee akatembea kijijini kifua mbele. Haukupita muda ile tyubu ikaanza kuvimba na kulainika kama ugali uliolala kwenye mchuzi, na oili ikashuka ubavuni mwa injini kuliko mwanzo. Akakata nyingine, nene zaidi. Akakaza zaidi. Bolti ikakatika.

Ikabidi aitwe Rabson, fundi wa Mlowo. Alipoinua boneti alicheka, kisha akakumbuka adabu. "Samahani, mzee wangu. Tyubu ni ya maji. Oili inaitafuna." Akatoa kipande cha bolti, akaweka gasketi ya kweli, na juu pakakauka moja kwa moja. Kumbe oili ilikuwa na mlango mwingine, nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Sili ya huko, ile pete ya mpira inayozuia oili, imekufa, Rabson akasema, na ya Pijo hii haipo Mlowo wala Vwawa. Eliakim akaenda Tunduma, akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Muuza spea wa kule akaigeuza sili ya zamani kiganjani, akamrudishia kwa mikono miwili. "Bashikulu, hii tulimaliza kitambo." Bashikulu ni babu, na siku hiyo Eliakim alijiona babu hasa.

Jirani yao Osea, mwenye Noah, alisikia habari akaja mwenyewe. "Mzee, Jumamosi sina safari. Nawapeleka Kafule, mnamwona mama, tunarudi."

Ahsante, Eliakim alisema, lakini gari liko karibu kupona. Hapo ndipo mimi ningemshika sikio, ingawa sikio la kufa halisikii dawa. Msidhani ilikuwa jeuri tupu. Aliogopa. Macho ya Tumpale hayakuwa na mahali pa kushika spana, na kila alipoyafikiria alihisi mikono yake haina kazi duniani. Chini ya Pijo angalau kulikuwa na kitu cha kukaza. Kwa hiyo alilala huko mgongo chini, asubuhi kwa jioni, akipaka gundi ya silikoni, akifuta, akipaka tena. Kahawa ikachumwa, ikamenywa, ikauzwa. Mkewe alimpelekea chai mpaka mlangoni, hakutoka zaidi ya hapo, naye Eliakim hakuuliza kwa nini.

Mwishowe Rabson alipata sili ya gari jingine, wakaipunguza kwa kisu mpaka ikakubali kuingia. Kesho yake Eliakim aliwasha injini, akaiacha ingurume hadi ikachemka vizuri, akatandika boksi jipya chini yake. Akachungulia. Halikuwa na doa. Akachungulia tena, asiamini.

"Mama Lusubilo! Njoo uone! Njoo uone mwenyewe, limepona!"

Tumpale alitoka, mkono mmoja ukigusa ukuta, kisha ukigusa ubavu wa gari. Akasimama karibu na mumewe, akainama kama yeye, akaangalia chini.

"Kweli," akasema. "Pakavu kabisa. Hongera, mume wangu."

Eliakim akageuka kuangalia naye, na tabasamu likamkauka. Oili ilikuwa imeanza kushuka, si matone, ni uzi mweusi usiokatika. Ilikuwa imelilowesha boksi, ikafika ukingoni, na sasa ilikuwa inaingia chini ya kandambili za mkewe. Soli zake zilikuwa nyeusi. Naye alikuwa bado ameinama, anatabasamu, akilisifia boksi lile.

Eliakim alizima injini.

"Tangu lini, mama?"

Tumpale hakujifanya hajaelewa. Alinyooka polepole. "Walipokuwa wanachuma kahawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unahangaika sana na gari, baba. Nikasema nisikuongezee."

Machozi yakamjaa Eliakim, na hakukuwa na haja ya kuyaficha, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie kwenye Noah ya Osea au kwenye ile tyubu ya kwanza. Tumpale akanyoosha mkono hewani, akamtafuta, akampata begani.

"Usilie. Mama nitamshika uso kwa mikono, nitamjua. Na wewe utaniambia milima ikoje." Akapapasa mpaka akapata kitasa cha mlango, akaufungua. "Maadamu limepona, twende."