Tulianzia Kaseti ya Nne

Dada yangu alipowekwa ndani kungoja harusi, sebule yetu pale Kiwalani ilikuwa inapakwa rangi ya kijani, rangi mbaya aliyoipenda baba peke yake, na runinga ikahamishiwa chumbani kwetu. Mambo hayo mawili yasingekutana, leo nisingekuwa na dhambi ya kusimulia.

Kwetu mwali anayesubiri ndoa hatoki nje wiki tatu. Haoni jua, hasogelei jiko, anasuguliwa singo asubuhi na jioni mpaka ngozi inang'aa, na hakuna mwanamume anayevuka pazia la mlango wake, hata awe binamu. Wanaoingia ni mama, na somo yake, yaani yule mama wa makamo aliyepewa kazi ya kumfunda mambo ya ndoa, na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nalala naye kitanda kimoja, na wiki zile tatu nilikuwa miguu yake na masikio yake. Akitaka maji, mimi. Akitaka kujua nani kabisha hodi, mimi. Alichojua kuhusu dunia ya nje kilikuwa kile tu nilichoamua kumwambia.

Siku ya tatu binamu yetu, mpakuzi wa mizigo uwanja wa ndege, alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu aliyouziwa na mtu aliyetoka Dubai, pedi mbili, kijitabu, na kaseti tatu za kijivu. Kaseti zote zilikuwa na jina moja, ila namba tofauti: ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili hatukuwahi kuiona. Hazikuwa zile gemu za kurukaruka na kupiga risasi. Hizi zilikuwa hadithi. Unaongoza wasafiri kutoka mji hadi mji, unaongea na watu, unapigana na mazimwi, wasafiri wanapata nguvu kidogo kidogo, na maneno yote yapo kwa Kiingereza.

"Sikiliza, mdogo wangu," binamu akaniambia. "Hizi hazifuatani, kila moja na hadithi yake. Mwambie mwali aanze na ya kwanza. Fupi hiyo, wiki mbili kashamaliza. Hii ya nne aiache kabisa. Jamaa aliyeniuzia kakaa nayo miezi na hajafika kokote."

Nikaingia chumbani na mfuko wangu, na maneno yake kichwani.

Lazima niseme dada yangu alikuwa mtu gani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye akili kuliko sisi sote nyumbani, na alikuwa hajawahi kumaliza kitu. Shule aliiacha kidato cha pili, alipoambiwa apumzike mwaka mmoja amuuguze bibi. Bibi alifariki, mwaka ukapita, na hakuna aliyelitaja tena suala la shule. Chuoni, yaani madrasa, alikuwa amebakiza juzuu chache tu ahitimu Kurani, maalimu akahama. Kila mara alikatizwa na mtu mwingine, tena kwa sababu nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Sasa alikuwa anaolewa Kimbiji, kwa mwanamume mpole mwenye duka na minazi, chaguo la baba. Alikubali bila kinyongo. Lakini Kimbiji wakati ule hakukuwa na umeme, na barabara yake ilikuwa ya kumtapisha mtu mzima. Alipoziona zile kaseti akasema:

"Moja tu. Nataka nimalize moja tu kabla sijaondoka. Kasemaje, tuanze na ipi?"

Nilitazama kile kitanda chetu, nikakiona kikiwa na mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi.

"Kasema tuchague wenyewe," nikasema.

Akazipanga kaseti kitandani akazitafakari. Halafu akacheka. "Mbona rahisi? Chuoni tulianzia wapi?"

Aliyesoma chuo cha Kurani anajua. Mtoto akishaijua Alhamdu, sura ya ufunguzi, harudishwi kwenye Bakara, sura ndefu kuliko zote iliyo mwanzoni mwa msahafu. Anarukishwa mpaka mwisho kabisa, kwenye Kul-audhu, ziliko sura fupi za mistari mitatu minne, na kutoka pale anapanda kurudi nyuma, kidogo kidogo, kuelekea zile ndefu. Ndivyo tulivyosoma sote. Kwetu sisi, mwisho ndiko kwenye vitu vyepesi.

"Tuanzie mwisho," dada akasema, akaichukua ya nne. "Ya kwanza itakuwa ndiyo Bakara yao."

Ningeweza kufungua mdomo. Neno moja lingetosha. Nilitulia kama maji mtungini, nikamsaidia kuchomeka waya. Baadaye, alipokuwa bafuni, nilikisoma kile kijitabu, nikaona kwamba kaseti ya nne ina sura saba, nikakitia chini ya sanduku la nguo. Kwa akili zangu za utoto niliamini kwamba mtu hawezi kuolewa huku ana jambo katikati. Nilidhani ataomba harusi isogezwe. Nani amsogezee mwali harusi kwa ajili ya gemu? Lakini ndivyo nilivyodhani, na sitajifanya nilikuwa na sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Basi tukaanza safari. Msafiri wa kwanza alikuwa msichana mwenye upanga, na mashine ilimtaka dada ampe jina la herufi nne. Akampa jina la utani alilokuwa akiitwa shuleni, ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Alisoma kila neno kwa sauti, kamusi mapajani, na Kiingereza chake kilichokuwa kimelala miaka minne kikaamka. Alibishana na wafalme. Alimtukana muuza ngao mmoja kwa Kizaramo.

Taabu ilikuwa umeme. Ulikuwa mwaka wa mgao, na mtaa wetu ulipata umeme siku moja ukakosa siku ya pili, na hata siku yetu ukikatika, unakatika tu, bila hodi. Sasa gemu ile ilikuwa na sharti lake. Haikumbuki ulipofika mpaka wasafiri wako waingie mjini, kwenye nyumba ya wageni, walale. Umeme ukikatika mko porini, kazi yote ya asubuhi imekwenda na maji. Tulicheza roho juu juu. Taa ikipepesa kidogo tu dada alikuwa anaacha mapambano katikati na kuwakimbiza wasafiri wake kuelekea mji wa karibu, jasho likimtoka na singo ikimchuruzika shingoni.

Mara moja taa zilififia tukiwa mbali, naye akapiga kelele: "Gesti! Gesti! Tuwahi gesti kabla hayajatukuta!"

Pazia likafunuka. Somo alikuwa amesimama na bakuli la liwa ya kumpaka mwali, macho yamemtoka.

"Gesti gani, mwanangu?" akauliza polepole sana. "Nimekaa hapa wiki nzima nakufunda, unataka gesti?"

Tulimweleza. Hakuamini mpaka alipokaa akaona kwa macho yake wale wasafiri watatu wakilala na muziki mfupi ukipigwa. Toka siku ile alituambia atanyamaza, ila alituonya: wakwe wakisikia mwali anashinda na mazimwi, yeye hayupo. Kwa hiyo tulikuwa na saa ya mgao upande mmoja na sikio la mlangoni upande wa pili. Nami nilikuwa na jambo la tatu, la peke yangu. Kila dada aliposema, "Tunakaribia, nahisi," nilitupia jicho lile sanduku la nguo.

Maana alikuwa kweli anaamini anakaribia. Sura ya kwanza ilikwisha, ya pili ikaisha, na katika ya tatu lilitokea zimwi lililoiba taa za miji yote na kujifungia nazo ngomeni. "Hili ndilo lenyewe," dada akasema. "Hakuna kubwa kuliko hili. Nikiliua hili nimemaliza." Niliitikia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini siku zile niliiona ndefu kama ya Kimbiji.

Siku ya mwisho ya kuwekwa ndani ilikuwa siku ya hina. Mchoraji alikuja asubuhi, akamchora dada mikono mpaka kwenye viwiko na miguu mpaka kwenye magoti, akaamuru asiguse kitu mpaka hina ikauke na kukolea. Harusi ilikuwa kesho yake. Zamu yetu ya umeme ilikuwa inaisha saa kumi. Saa nane dada alinitazama, mikono yake ameiinua juu kama mtu aliyekamatwa.

"Shika pedi wewe," akasema. "Mie nitasema, wewe utabonyeza."

Tukaingia ngomeni. Alikaa nyuma yangu, pumzi zake shingoni mwangu. "Kushoto. Usifungue hilo sanduku, mtego huo. Panda. Mponye mzee kwanza. Nimesema mzee!" Vidole vyangu vilikuwa vinateleza. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele na kupigiana vigelegele vya mazoezi, na kila kigelegele nilidhani ni taa imekatika. Saa tisa na nusu tulifika mbele ya zimwi. Mzee akafa. Mchawi akafa. Akabaki yule msichana wa upanga peke yake, mwenye jina la shuleni la dada yangu, akiwa na uhai kiduchu.

"Piga," dada akanong'ona.

Ningeweza kubonyeza vibaya, na wazo hilo lilinipitia, sikatai. Lakini nilipiga, na zimwi likaanguka.

Dada alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Aliruka, akataka kunikumbatia, akakumbuka hina, akabaki anacheza peke yake katikati ya chumba, viganja juu. "Nimemaliza! Nimemaliza mie!" Taa za miji zikarudi moja moja, muziki ukapigwa. Kisha kioo kikawa cheusi, na maneno meupe yakatokea katikati. Dada aliyasoma kwa sauti, akiwa bado anatabasamu, halafu akayafasiri kana kwamba hakuyaelewa:

"Sura ya nne."

Tukabaki tunaitazama runinga.

"Ziko ngapi?" akauliza.

Nikaanza kukunja waya wa pedi.

"Nakuuliza. Ziko ngapi?"

"Saba."

"Umejuaje?"

Nilikitoa kijitabu chini ya sanduku. Nikamwambia yote, maneno ya binamu pale mlangoni, ile ya kwanza fupi, wiki mbili. Nikamwambia sikutaka aende. Nililia sana, na nakumbuka nilidhani machozi yangu yatatosha.

Hakuwa na mkono wa kunizaba kofi, wala wa kujifuta macho. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, nikasogea nimfute, akarudisha uso nyuma.

"Baba kanichagulia mume, sawa," akasema. "Mama kanichagulia nguo. Somo ananichagulia mpaka maji ya kuoga. Hiki kimoja nilikichagua mie mwenyewe. Kumbe na hiki mmenichagulia."

Alisema "mmenichagulia", akaniweka pamoja nao. Saa kumi umeme ukakatika, na hatukuwa tumefika kwenye nyumba ya wageni.

Kesho yake aliolewa, akapendeza mno, akavushwa pantoni kwenda Kimbiji. Aliniaga kama alivyowaaga watoto wa majirani.

Mwaka uliofuata alirudi, maana mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mama yake. Kaseti ya nne nilikuwa sijaigusa. Ilikuwa bado imehifadhi usiku wa mwisho waliolala gesti, nje kidogo ya ngome, na kwa miezi yote ile niliilinda hata binamu alipotaka kuiazima. Alipojifungua na kuanza arobaini yake, amefungiwa tena chumba kile kile na runinga imerudishwa humo, niliichukua kaseti nikampelekea kwa mikono miwili.

"Wasafiri wako wapo," nikamwambia. "Wazima wote."

"Nipe ya kwanza," akasema.

"Dada, nitakusaidia, mimi nita…"

"Ya kwanza. Na ukitoka urudishie mlango."

Nilimpa. Siku zile kazi yangu ilikuwa kupeleka maji ya moto ya kumkandia, asubuhi na jioni. Nilikuwa nayaweka mlangoni, naye anayachukua nikishaondoka. Ndani nilisikia upanga, milango ya ngome, na sauti yake ikisoma Kiingereza polepole, akimsomea mtoto.

Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi, lakini haikufika wiki mbili, binamu alikuwa amesema kweli. Nilikuja na ndoo, nikasikia muziki ambao sikuwahi kuusikia, mrefu, usiokatika. Ulipigwa mpaka mwisho. Kisha kimya, halafu nikamsikia akicheka, kicheko kidogo cha mtu aliye peke yake, akimwambia mtoto, "Umeona? Mama kamaliza."

Nilisimama nje ya mlango na ndoo yangu, nikingoja aniite. Maji yalipoa, nikayarudisha jikoni kuyachemsha upya.