Gramu Nane za Shangazi

Shangazi yangu hutengeneza mafuta ya nywele jikoni kwake, na siku hiyo hakukaliki. Anaimba, anachanganya mafuta ya nazi na ya ufuta, anajipaka, ananipaka na mimi. Kazi yangu ni kuandika lebo. Nina mwandiko mzuri, jamani, sijisifu. Chini ya kila chupa palikuwa na maandishi madogo, "100 ml". Mimi nikaona hayapendezi, nikaandika kwenye lebo: "Gramu 100". Nani angejua?

Mwenye duka la vipodozi alijua. Tulimpelekea chupa sitini, mzigo wetu wa kwanza kuingia dukani, na wateja wamejaa. Akaomba chupa yetu moja tupu, akaiweka kwenye mzani, akaurudisha kwenye sifuri, kisha akaweka iliyojaa. Tisini na mbili.

"Gramu nane ziko wapi, mama?"

Akapima nyingine. Tisini na mbili. Akapaza sauti hadi mlangoni: "Huyu mwizi! Anaiba kidogo kidogo!"

Shangazi akanyamaza. Shangazi! Mtu asiyenyamaza hata akipiga mswaki! Miaka yote ameuza mtaani kwa jina lake zuri, hana mtaji mwingine. Tukabeba chupa zetu, tukaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani akatoa mzani wake wa jikoni. "Tujaze mpaka mia itimie," akasema. Tukamimina. Tisini na mbili, chupa imejaa hadi mdomoni. Akaongeza, yakafurika mezani, yakashuka sakafuni, nikateleza nikakaa chini puu! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na aibu yetu bado mbichi.

Akaiosha ile chupa kwa hasira, akaijaza maji. Mzani ukasoma mia.

"Mia?"

"Mia, shangazi."

"Chupa ile ile?" Akanishika mabega, akanitikisa. "Wewe mtoto! Mafuta ni mepesi! Si ndiyo maana yanaelea juu ya maji? Chupa inapima nafasi, mzani unapima uzito!"

Akaanza kucheza na kitambaa cha vyombo kichwani. Mimi nikasoma tena chini ya chupa, nikakiri kosa langu. Nililambwa kofi la mgongo, la mapenzi lakini liliingia.

Tulirudi dukani mbiombio na chupa zetu zote. Mwenye duka akajaza maji kwenye chupa yetu tupu, akapima: mia. Shangazi akamwomba ajaze chupa yetu kwa mafuta ya kiwandani, yale anayoyauza yeye mwenyewe kila siku. Akajaza, akapima, akatoa macho. Tisini na mbili!

"Kumbe na wewe unaiba!" akadakia mteja mmoja. Duka zima likaangua kicheko.

"Haya mama," mwenye duka akanong'ona, "acha mzigo. Rekebisheni lebo, muandike mililita. Yaishe."

"Hayaishi," shangazi akasema, meno yote nje. "Mwizi uliniita kwa sauti gani?"

Akakohoa. "Huyu mama si mwizi."

"Mlangoni hawajasikia, baba."

Akavuta pumzi. "Huyu mama si mwizi! Nimekosea mimi!"

Mpita njia akachungulia ndani. "Nani si mwizi?"

"Mimi!" shangazi akajibu, mkono juu, anacheka huku machozi yanamtiririka.