Maharamia wa Sayari Kavu

Mwezi uliopita nililala kwetu, karibu na Mbumbuni. Alfajiri nikatoka kwenda choo, nikaiona ile nyota kubwa juu ya kilima, na mimi, mama wa watoto watatu, nikarudi ndani mbio. Usinicheke. Kama ungelelewa na hadithi za fundi wa redio, hata wewe ungekimbia.

Fundi huyo alikuwa jirani yetu miaka ya sabini. Jioni tulikaa kwake tukibambua mbaazi, yeye akizungusha kitufe cha redio. Kati ya stesheni moja na nyingine kulikuwa na miluzi na mikwaruzo. "Sikieni," alisema, "hao ni maharamia. Wanaongea." Nyuma ya nyota ya alfajiri, alitueleza, kulikuwa na sayari isiyo katika kitabu chochote cha shule: Sayari Kavu, maficho ya maharamia wa angani. Mapango yao yalijaa dhahabu waliyopora kwingine, lakini tone la maji hawakuwa nalo. Kwa hivyo walishuka alfajiri kuyatafuta, na waliyemkuta nayo walimbeba pamoja nayo.

Na nani alikuwa na maji alfajiri? Mama yangu. Kila siku, jogoo hawajawika, aliteremka mtoni na debe na kibuyu. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Maji uliyachimba, kisha ukakizungushia kisima chako miiba ili ng'ombe wasiingie. Aliporudi, debe lilikuwa limefunikwa matawi mabichi. Kina mama wote walifanya hivyo maji yasimwagike njiani, lakini mimi niliamini wanayaficha yasionekane kutoka juu. Nikiyaona majani, nilimshukuru Mungu.

Kisha mvua ikakosa kunyesha misimu miwili. Majani yakapukutika, machache yaliyobaki yakaliwa na mbuzi. Mama akaanza kurudi na debe wazi, maji yakimeremeta. Nilimsihi asiende.

"Na ugali nitapika na mate?" akaniuliza.

Siku moja jua likachomoza hajarudi. Nikateremka mbio, miguu peku, nikilia. Kando ya kisima chetu niliona debe limejaa nusu, leso yake imetundikwa kwenye miiba. Mwenyewe hakuwapo. Nilijua wamemchukua. Nikamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwaitu!" hadi sauti ikanikauka.

Akaitika kutoka ardhini. "Wacha nduru, unaniangushia mchanga!"

Nikachungulia. Alikuwa chini kabisa, kina cha kupita kimo chake, akingoja maji yachuruzike, na kuta za kisima zilikuwa zikimomonyoka mabegani mwake. Hapo maharamia wote walinitoka kichwani. Niliuogopa ule mchanga kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Shika kibuyu, pole pole," akasema. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakaa palepale bila kutikisika mpaka alipopanda juu.

Mto ule sasa ni mwamba mtupu. Malori yalikuja mchana kweupe, yakauzoa mchanga wote kwenda kujenga mijini, na visima vikaenda nao. Fundi naye alishafariki. Mama yupo, ila macho yamemwacha, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia. Kila nikienda huniuliza kisima chetu kimefika kina gani. Nami humwambia maji yako karibu, unayachota ukiwa umesimama tu.

"Basi kesho usiamke mapema, mwanangu," husema. "Yatakungoja."