Uvimbe Uliovunja Undugu

Wiki iliyopita, kwenye zahanati moja binafsi mjini Bariadi, mzee niliyekaa naye benchi aliniomba niingie naye kwa daktari, kwa kuwa sikio lake ni zito. Alikuwa mfugaji wa kijiji cha Mwamapalala. Paja lake lilikuwa limevimba kwa miaka mitatu. Mganga mmoja wa kienyeji alimwambia kwamba uvimbe ule umetumwa kichawi na mdogo wake, na tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana.

Daktari alibandika ukutani picha ya MRI, kipimo kinachoonyesha hadi nyama na mishipa ya ndani, iliyopigwa Mwanza, akauzungushia uvimbe duara kwa ncha ya kalamu.

"Uvimbe wa namna hii ni nadra, baba. Umeota kwenye mshipa wa fahamu. Eksirei haikuuonyesha, ila kipimo hiki kimeonyesha hadi ulipoanzia. Na kinyama tulichokikata humo tukakipima hakina saratani. Utatolewa, mguu utabaki."

Mzee aliisogelea picha mpaka pua ikaigusa.

"Aliyeutuma haonekani?"

"Hakuna aliyeutuma. Umeota wenyewe."

Akafuta macho kwa pindo la shuka lake. Tulipotoka akaniomba nimpigie mdogo wake simu.

"Mwadila, mdogo wangu," alimsalimia kwa Kisukuma. "Nilikuonea."

Kwa ajili ya sikio lake nilikuwa nimeweka simu kwenye spika. Nikamsikia mdogo wake akiuliza, "Upasuaji ni lini? Nitakuja kukuuguza."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza: daktari tunamdai picha na majibu ya maabara, kwa nini mganga tunamwamini kwa neno moja tu?