Bomba la Kulalia Tausi

Kwetu Lubumbashi mtu akijenga kwa mti, jirani humwuliza kama anawapikia mchwa. Mlango, kitanda, fito za banda la kuku, vyote huliwa ndani, huku nje vikionekana vizima, mpaka siku utakapoegemea. Ndiyo maana baba mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma, alipojenga banda la tausi huku Johannesburg hakutumia ubao hata mmoja. Nguzo zilikuwa za chuma, mlango wa chuma, na kule juu ndege wanakolala alipitisha mabomba membamba ya maji, akayasugua mpaka yakang'aa.

"Hapa mchwa watakufa njaa," alisema kanisani. Watu wakacheka, naye akarudia Jumapili iliyofuata.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mzee, upande wa Sandton. Alikuwa na tausi dume mmoja na majike wawili. Baba mdogo alipomaliza kazi aliniombea nafasi, mimi binti wa kaka yake, nikabaki pale kulisha ndege na kufagia. Kazi ilinifaa, kwa sababu tausi hawaulizi maswali. Jioni nilirudi kwa baba mdogo, ambako nilikuwa nalala na kula.

Ilikuwa mwaka 2017. Mwezi wa sita baridi ikaja, ile baridi ya huku isiyo na mvua wala mawingu. Mchana jua linawaka, lakini alfajiri nyasi ni nyeupe na maji ya ndege yameganda kwenye sahani. Asubuhi moja dume hakushuka kufuata mahindi. Aliposhuka alitua vibaya, akasimama kwa mguu mmoja, mwingine akauficha tumboni. Nikamkamata. Ncha za vidole zilikuwa zimepauka, ngumu, baridi kama kijiko.

Bibi alimpigia simu daktari wa wanyama, kisha akanieleza polepole kwa Kiingereza: maji ya vuguvugu, si ya moto, usisugue, usimsogeze kwenye hita, mkaushe vizuri. Nikakaa na ndege kwapani, mguu wake ndani ya beseni. Rangi ikarudi kidogo, halafu vidole vikavimba.

"Daktari anauliza analala wapi," bibi akasema. "Kuna kitu humo kinamwumiza."

Jioni hiyo nilichelewa kuondoka ili niangalie. Majike hawakupanda juu. Walilala kwenye sanduku la mbao lililosahauliwa pembeni. Waliketi, manyoya ya kifua yakateremka na kufunika miguu yote. Dume hakuweza kukaa pale kwa sababu ya mkia wake. Alipanda bomba. Vidole vyake vikalizunguka, vikatokea upande wa pili, nje ya manyoya, vimeng'ang'ania chuma. Nikaingia nikaligusa, nikautoa mkono upesi.

Nikimwambia bibi, nimemshitaki baba mdogo. Na kumwambia yeye mwenyewe je? Mimi hata chumvi mezani naogopa kuiomba.

"Ndege wa bibi anaendeleaje?" aliniuliza tukila.

"Miguu."

"Miguu imefanya nini? Eish, mama, maneno yako unayapima kwa kijiko?"

Nikainamia sahani yangu. Kesho yake nikazungushia bomba gunia, nikidhani nimepata njia ya kutosema. Usiku gunia likanyonya umande na kinyesi, likaganda. Asubuhi dume alikuwa amesimama juu ya barafu, na ncha za vidole viwili zilikuwa nyeusi.

Jumamosi nilimwamsha baba mdogo mapema.

"Baba, twende wote kwa bibi."

"Kumeharibika nini?"

"Twende tu."

Tulifika nyasi zikiwa bado nyeupe. Nikafungua banda, nikatoa lile gunia.

"Shika," nikasema.

"Nishike nini?"

"Bomba. Kwa mkono mtupu."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekosa adabu, lakini akashika. Nikangoja aliachie. Hakuliachia. Alimtazama dume pale chini na mguu wake uliokunjwa, huku vidole vyake mwenyewe vikizidi kupauka.

"Weye ulijua lini?"

"Siku ile ya beseni."

"Na ulikuwa unakula na mimi kila jioni."

Akaenda mwenyewe kumgongea bibi. Sikusikia walichosema, nilimwona tu amevua kofia. Halafu akakata mabomba kwa mashine, cheche zikiruka juu ya nyasi, akafunga mbao pana, upande bapa ukiwa juu. Ukutani, upande unakotoka upepo, akapigilia turubai. Mimi nikatandaza nyasi kavu chini.

"Mchwa wakija?" niliuliza. Nilitaka acheke.

"Waje," akasema, akaendelea kukusanya vyuma vyake.

Ncha mbili nyeusi zilikauka, zikaanguka. Kidole cha tatu kilikuwa na alama ya bluu, na daktari alisema tungoje. Baba mdogo aliweka ubao mwingine wa chini, wa kupandia, kwa sababu dume hakuweza tena kuruka vizuri. Jioni ya siku hiyo tukasimama nje ya wavu. Dume akapanda kwa shida, akaketi, manyoya yakashuka yakafunika miguu yote.

Baba mdogo akainama, akachungulia kutoka chini.

"Unakiona kile kidole?"

"Sikioni, baba."

"Na mimi sikioni," akasema, lakini hakuondoka.