Tuliweka fuel pump mbili kwa Subaru ya turbo pale Mukuyuni, na vile ndugu yangu alichomeka

Wakuu, natumai mko salama huko mliko. Mimi humu huwa msomaji tu. Leo naandika yangu. Ilitupata sisi wenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi, na kuna sehemu ningefurahi sana kama zingekuwa uongo.

Ni ndefu, nivumilieni.

Mimi ni mpima ardhi, nafanya kazi Kitui town, lakini nyumbani ni Mukuyuni, Makueni. Ndugu yangu mkubwa anaitwa Musembi. Alikuwa na garage hapo market. Nasema alikuwa, mtaelewa.

Musembi ndiye alinifundisha kupenda magari. Niliponunua hii Subaru wagon, manual, ya turbo, ilikuwa imechoka kabisa. Yeye ndiye aliifungua engine na kuijenga upya, weekend kwa weekend, mimi nikishika tochi na kuleta chai. Tukaweka turbo kubwa kidogo kuliko ile ilikuja nayo, na injector kubwa, zile zinanyunyizia engine petroli.

Gari ikaamka. Ukitoka Mombasa Road ukishika ile barabara ya kupanda Kilungu, zile kona zote, ilikuwa inapanda kama inateremka.

Shida ikaanza huko huko mlimani.

Ukiwa third gear, boost, yaani ile hewa turbo inasukuma, imejaa, inavuta vizuri halafu ghafla ni kama mtu ameishika kwa nyuma. Musembi akaweka gauge ya fuel pressure na ile ya kusoma mixture ya hewa na petroli, tukapanda tena yeye akiangalia gauge. Boost ikipanda, pressure ya petroli inashuka. Inatakiwa ipande nayo.

Kwa wale hawajui: turbo ikisukuma hewa nyingi, petroli lazima iongezeke. Ikikosa, joto ndani ya engine inazidi na piston inayeyuka. Si kuharibika, ni kuyeyuka.

Akanigonga gotini na mkono. "Toa mguu, Kyalo. Hiyo pampu imefika mwisho. Ukiendelea kuikanyaga hivyo utaniletea engine kwa gunia."

Sasa hapo ungeweza kununua pampu moja kubwa, au uweke mbili. Musembi alitaka mbili. Ya kwanza inafanya kazi kila wakati, ukienda sokoni, ukienda kanisa. Ya pili inalala mpaka boost ipande, ndio switch ya pressure inaiamsha kupitia relay, ile swichi ndogo ya umeme huko mbele kwa bonet. Ukiziwasha zote wakati wote, petroli nyingi inazunguka bure mpaka kwa engine na kurudi tanki ikiwa moto. Na mnajua joto ya kwetu. Ukiwa Kambu mchana hutaki petroli moto kwa tanki.

Kazi aliifanya safi. Alitengeneza bracket ya kushikilia pampu zote mbili mahali pa ile moja, akatumia hose zile zinavumilia kuzama ndani ya petroli, akapitisha waya nene kutoka kwa betri na fuse yake, maana waya ya kiwanda haingebeba mbili. Mwenye anataka details za hiyo aulize, nitajibu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kiti cha nyuma tumetoa, tanki iliyo chini yake iko wazi, pampu zote zimeingia. Milango ya upande mmoja na vioo tulikuwa tumefunga kwa sababu upepo wa hapo market ulikuwa unamwaga vumbi ndani, na hutaki vumbi kwa tanki.

Kumbe harufu yote ya petroli ilikuwa imekaa humo ndani na sisi.

Mimi nilikuwa mbele kwa bonet nafunga fuse. Musembi alikuwa amepiga magoti ndani, pale nyuma. Akasema anataka kusikia kama ile pampu ya pili inazunguka kabla afunge tanki. Hiyo kitu amefanya maisha yake yote. Alikuwa na betri ya pikipiki ya kutest. Unagusisha waya, unasikia mlio, unafunga, unaenda chakula.

Mlio sikusikia. Nilisikia kitu kama mtu amekung'uta blanketi mara moja.

Nikainua kichwa. Vioo vya nyuma vyote vilikuwa rangi ya moto.

Alitoka mwenyewe, kinyumenyume, mikono inawaka. Overall yake ilikuwa imelowa petroli mpaka kwa kiwiko. Wakuu, hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia mikono yake kama ni ya mtu mwingine. Nilimwangusha kwa mchanga nikamlalia. Mama mmoja anauza mboga pale alikuja mbio na gunia amelowesha, tukamfunga nalo. Jirani yetu wa hardware akatupa lingine juu ya shimo la tanki, moto ukakosa hewa ukazima.

Gari haikuungua. Carpet, plastic kidogo, basi. Hiyo ilinikasirisha sana baadaye, vile yenyewe ilipona.

Tulimpeleka hospitali ya Wote town na pickup ya huyo jirani. Njiani Musembi aliniuliza, "Ulimaliza kufunga fuse?"

"Nilimaliza."

"Sawa."

Akafunga macho mpaka tukafika.

Sitawaeleza ya hospitali yote. Walitoa ngozi kwa paja wakaweka kwa mikono. Shemeji yangu Mwikali alikuwa anashinda hapo, anamlisha na kijiko. Watu wa kanisa walikuja wengi, wakaimba, pastor akaomba. Musembi alikuwa anajibu amina kila mara, halafu wakitoka anageukia ukuta.

Ngozi ilipona, lakini ilipona ikivuta. Mkono wa kulia vidole havifungi. Wa kushoto, viwili vimejikunja havinyooki. Tuliambiwa aendelee na mazoezi, itasaidia kiasi, lakini kurudi vile ilikuwa, hapana.

Siku moja nilikuwa kwao tunakunywa chai. Kulikuwa na spana kwa meza, ile ndogo ya kumi. Akajaribu kuiokota. Ikaanguka. Mwikali akaiokota akamwekea tena mbele yake. Ikaanguka tena. Mwikali akainama.

"Wacha," Musembi akamwambia. "Wacha tu hapo chini."

Nilienda nje nikajifanya napiga simu.

Gari ilikuwa imefunikwa na turubai nyuma ya garage. Mimi nilitaka iondoke, hata ikatwe iuzwe kwa kilo. Yeye ndiye alinipigia nikiwa Kitui kazini. "Kuja tumalize gari."

Mwikali alikasirika sana. Alinishika kwa mlango hata sijakaa. "Shem, hiyo kitu imekula mikono ya bwanangu na bado mnaitaka?"

Musembi alimjibu kutoka ndani. "Mwikali, wacha nione ikiisha. Nikiona imeisha nitatulia."

Mwikali akaenda jikoni, na hakutuletea chai siku hiyo.

Tulifanya vile tulifaa kufanya mwanzo. Tulitoa petroli yote. Betri nikaitoa nikaibeba mpaka ng'ambo ya uwanja. Milango yote wazi, boot wazi, tukaacha upepo upite asubuhi nzima, vumbi ikitaka iingie. Musembi alikuwa ameketi kwa kiti cha plastic, mbali, hakukubali kusogea. Mimi ndiye nilikuwa mikono. Na mimi si fundi, wakuu.

"Kushoto! Asi, Kyalo, hiyo si hose ya kurudi!"

Alinigombeza mpaka nikacheka, na yeye akacheka kidogo. Nilifikiri, sawa, hii itamsaidia. Tulifunga tanki kabisa na bolt zote, nikarudisha petroli na betri, halafu pampu ya pili tukaitest kutoka mbele, kwa relay, mbali na tanki. Ikalia. Mlio mdogo tu, kama nyuki kwa chupa.

Tukaenda Kilungu.

Kusema ukweli ilivuta kuliko nilivyowahi kuiona. Third gear, boost imejaa, pressure inapanda nayo bila kutingika, mixture iko pale inatakiwa. Nilisikia pampu ya pili ikiamka huko nyuma. Nikapiga kelele kama mtoto, "Umeona? Umeiona?"

Nikamwangalia. Alikuwa ameficha mikono kwapani, macho kwa gauge, jasho inamtoka kwa shingo.

"Simama hapo juu," akasema.

Nilisimama karibu na Nunguni. Akashuka, akaketi kwa ukingo wa barabara anaangalia mashamba huko chini. Nikaketi karibu naye. Gari ilikuwa inapoa, inatoa zile sauti za chuma kikipoa.

"Imekuwa vile ulisema," nikamwambia. "Hesabu yako yote ilikuwa sawa."

"Iko sawa."

Halafu akasema, "Nimengoja hii siku tangu nikiwa kwa kitanda cha hospitali. Nilidhani ikivuta nitasikia kitu, Kyalo. Na sisikii kitu."

Tulirudi polepole, pampu moja tu.

Gari niliiuza kwa jamaa fulani wa huko Kambu. Nilimweleza yote, akasema yeye anataka tu ile nguvu. Garage sasa mtu mwingine anaweka magunia ya pojo. Watu bado wanamletea Musembi magari mpaka kwa gate, awasikilizie engine tu, awaambie ni nini. Anamtuma Mwikali aseme hayuko. Na wanamwona dirishani.

Somo, kwa wenye wanataka kufanya hii upgrade: pampu mbili zinafanya kazi, sitasema uongo. Lakini usigusishe waya za betri karibu na tanki iko wazi, cheche moja inatosha, hata kama umefanya hivyo maisha yako yote bila shida. Ile mvuke ya petroli ni nzito, inalala kwa sakafu ya gari, huioni. Toa betri. Fungua kila mlango. Funga tanki kwanza, test baadaye, na utest ukiwa mbele. Na usivae nguo imelowa petroli, hata kidogo. Badilisha.

Maswali ya pampu leteni, nitajibu yale najua.

Lakini na mimi niko na swali, na ndio hasa imenifanya niandike. Kuna mtu hapa alikuwa fundi, ama ndugu yake, ama mzazi, akapoteza mikono, na baadaye akapata kitu cha kumtoa kwa nyumba asubuhi?

Kilikuwa nini? Hata kama ni kidogo, hata kama mtaona ni cha kijinga. Andikeni tu hapa chini. Nitasoma kila moja.