Mbung'o Wenye Alama Nyekundu

Katika kambi ile sikuwahi kukaa kitako. Hata chakula nilikula nimesimama, sahani mkononi, macho yakiwa kwenye njia ya kwenda Nambilanje kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huohuo, na nilikuja na cheti, viatu vipya, na imani kwamba nchi yetu imepungukiwa na jambo moja tu: watu wa kuipima kwa uaminifu. Niliamini kwamba nikiipima vizuri, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kupima mbung'o. Kutoka bonde la Mbwemkuru walikuwa wakibebwa watu kwa machela hadi hospitali ya Mnero, watu wasioweza kufungua macho mchana wala kufumba usiku, na waganga wa pale walisema ni malale. Ofisi yetu ilikuwa Nachingwea, na mkuu wake, Mwingereza mrefu mwenye sauti ndogo, watu walimwita Bwana Mbung'o, naye hakukasirika. Alinituma nichore ramani ya kuonyesha mahali mbung'o walipo na mahali wasipokuwapo.

Ramani hiyo ingeamua jambo moja. Karibu na kambi palikuwa na kitongoji cha Wamwera, nyumba zisizofika thelathini, pamoja na mashamba ya mtama, mihogo na ufuta na mikorosho michanga iliyoanza kuzaa juzijuzi. Kama mbung'o walikuwa mtoni tu, vichaka vya mtoni vingefyekwa, na watu wangebaki. Lakini kama walikuwa wanapanda hadi mashambani, kitongoji chote kingehamishwa kabla ya mvua kwenda kando ya barabara ya Ruangwa. Nyumba zingebomolewa na mikorosho ingeachwa.

Nilikuwa na wakamataji watatu, nao waliniita Karani. Mkubwa wao alikuwa mrina asali, mtu wa makamo aliyejua kila mti wa bonde lile. Yeye nilimpa njia ya mtoni. Wa pili alikuwa Mmakua, mtani wake, ambaye mdomo wake haukupumzika. Huyo nilimpa njia ya msitu wa mlimani. Wa tatu alikuwa shemeji wa mrina asali, mume wa dada yake, mtu mnene, mpole, mzito wa hatua. Kwa desturi ya pale alikuwa amehamia kwa mkewe, kwenye kitongoji hichohicho, na kwa hiyo nilimpa njia ya mashambani.

Kila asubuhi walivaa kaniki mgongoni, kwa maana mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Kila baada ya hatua mia moja walisimama, wakamnasa kwa wavu mdogo kila aliyetua kwenye kaniki, wakamtia katika chupa. Saa nane mchana walirudi kambini, nami nikahesabu.

Siku za mwanzo chupa ya mtoni ilijaa, ya mlimani ilikuwa na wachache, na ya mashambani ilikuja tupu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo wakati ule hata sikuliona kuwa ni jambo. Nilimsifu mrina asali mbele ya wenzake. Kisha nikaishika chupa ya shemeji yake, nikaiinua juani, nikasema, "Na wewe, mzee, ulikwenda kukamata au kulala kwa mkeo?"

Mmakua alicheka. Yule mtu mnene akatazama vidole vya miguu yake.

Tangu wiki ile chupa zilianza kulingana. Nilifurahi. Nilidhani wamejifunza kazi. Na kwa kuwa sikuweza kukaa bila kutafuta jambo jipya, niliamua kujua kama mbung'o wa mtoni hupanda mashambani au wale wa mashambani ni wengine. Nilikwenda mtoni, nikawashika mmojammoja, nikaweka nukta ya rangi nyekundu mgongoni kwa ncha ya jani kavu, nikawaachilia. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, nami niliifanya siku tatu mfululizo nikiwa na homa.

Siku ya nne, nilipofungua chupa, nilihesabu mara mbili. Nukta nyekundu zilikuwa katika chupa zote tatu. Mbung'o waliokuwa mtoni walikuwa wameruka hadi mashambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mlimani pia. Sikumbuki kama nilikula. Niliandika barua ndefu kwa Bwana Mbung'o, nikachora mishale, nikatumia neno "ugunduzi" mahali pawili. Baada ya kuipeleka nilizunguka hema langu hadi nyasi zikalala.

Jibu lilikuja kwa jumbe wa eneo lile. Alisimama mbele ya nyumba za kitongoji, karatasi mkononi, akawaambia watu kwamba vipimo vimeonyesha hatari, na kwamba mavuno yakiisha wote watahamia barabarani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mwanamke mmoja, dada yake mrina asali, alikuwa ameshika mtwangio, akauliza, "Vipimo vya nani?" Jumbe akanionyesha mimi kwa kidevu.

Mwanamke yule akaniambia, "Mwanangu, hapa hata mbuzi hatuna. Hao mbung'o wanafuata nini kwetu?"

Nikamweleza. Nilitumia maneno mazuri. Nilisema juu ya afya, juu ya watoto, juu ya wale waliobebwa kwenda Mnero. Yote yalikuwa kweli. Hata hivyo swali lake lilibaki mwilini mwangu kama mwiba mdogo ambao huuoni lakini huwezi kukanyaga. Mbung'o wanafuata nini? Asubuhi iliyofuata nikaamua kuifuata njia yao mimi mwenyewe, kutoka mtoni hadi mashambani, nione wanavyopita.

Sikuona mbung'o hata mmoja baada ya kuliacha bonde. Ilipofika saa sita nilikuwa na kiu, nikageukia kisima kilichokuwa kati ya njia zote tatu. Nikasikia vicheko kabla sijafika.

Wakamataji wangu watatu walikuwa wamekaa chini, na katikati yao palikuwa na jani pana la mgomba. Juu ya jani walikuwa mbung'o wote wa asubuhi ile, wamekwisha kufa. Mrina asali alikuwa akiwagawa kwa kijiti: mmoja huku, mmoja huku, mmoja kule.

"Huyu hana mguu," alisema Mmakua. "Mpe shemeji yako. Mbung'o kilema kwa mtu anayechechemea kama kobe, wanafaana."

"Na yule mwenye nukta?" akauliza mrina asali.

"Mwenye nukta tumpe pia, Karani akimwona anatabasamu. Jana alitabasamu mpaka nikaogopa."

"Mtani, nyamaza, umenipotezea hesabu. Hapa nilikuwa kwako au kwangu?"

"Kwangu! Kila ukisahau huwa kwangu."

Nilitoka kichakani. Hawakushtuka, wala hawakufunika jani. Mrina asali akasogea kunipisha kivulini. "Karibu, Karani. Tunamaliza kugawana."

"Mnagawana nini?" nikauliza.

"Kazi," akasema, akanitazama kama mtu anayejibu swali la mtoto. Akanieleza taratibu. Watu wanaokwenda kurina asali huondoka pamoja na hurudi na vibuyu vilivyo sawa. Aliyekuta mzinga na aliyezunguka bure hugawana sawa, kwa sababu nyuki hawamo mkononi mwa mtu. Anayerudi kibuyu kimejaa wakati mwenzake ana kitupu, watu humwogopa, na safari nyingine huenda peke yake. "Nawe ulimwaibisha huyu mbele yetu," akasema akimwonyesha shemeji yake. "Tukajua akirudi na chupa tupu tena utamfukuza. Njia yake haina mbung'o. Afanyeje?"

"Haina kabisa?"

Yule mtu mnene alisema kwa mara ya kwanza siku ile. "Tangu nianze sijamkamata hata mmoja."

Nikakaa chini. Nikawauliza kama wanajua kwa nini jumbe alikuja kusoma karatasi ile. Walijua kwamba serikali inawahamisha. Hawakujua kwamba vile vipimo serikali ilivyosoma ni chupa zao. Kwao chupa zilikuwa kipimo cha bidii ya mtu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Nikawaeleza. Mrina asali alikitazama kijiti alichoshika, kisha akakunja lile jani taratibu pamoja na vyote vilivyokuwamo.

"Kwa hiyo," akasema, "nyumba ya dada yangu nimeibomoa mimi."

"Nimeibomoa mimi," nikasema.

Siku ileile nilipanda baiskeli. Nililala Ruangwa, na kesho yake nikapita Mnero bila kushuka, nikaingia Nachingwea jioni nikiwa mwekundu kwa vumbi, nikipita kando ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza ambako matingatinga yalikuwa yakiendelea kunguruma. Njia nzima nilitunga maneno. Ilikuwepo nafasi ya masomo ng'ambo, na Bwana Mbung'o alikuwa ameniandikia kwamba barua yangu ya nukta nyekundu itanisaidia kuipata. Nakiri kwamba, pale kwenye mchanga mwingi ambapo ilinibidi kusukuma baiskeli, niliwaza kwamba kuhamia barabarani si kifo, kwamba huko kuna shule, na kwamba ningeweza kugeuka. Sikugeuka, lakini sitaki kujisifu. Miguu yangu ilikuwa imezoea kwenda tu.

Bwana Mbung'o alinisikiliza bila kuniambia niketi. Nilipomaliza aliitoa barua yangu, akaisoma tena, akagusa ile mishale kwa kalamu.

"Kumbe mbung'o wako hawaruki," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Wanabebwa."

"Ndiyo, Bwana."

"Na ugunduzi?"

"Hakuna, Bwana."

Aliikunja barua. "Amri imekwisha kutoka. Siwezi kuifuta kwa maneno. Zipo wiki sita. Rudi ukahesabu. Na safari hii kaniki uvae wewe."

Nikarudi. Watu wa kitongoji walikuwa wamekwisha kuambiwa kila kitu, na hapo nikakutana na taabu mpya: sasa wote walijua ni jibu gani wanalolihitaji. Chupa tupu iliyoletwa na mtu mwingine isingenitosha. Kwa hiyo nilitembea njia ya mashambani mimi mwenyewe, kila siku, kaniki mgongoni, na mrina asali nyuma yangu na wavu. Wanawake walisimamisha majembe na kunitazama nikipita. Wengine walinihesabia hatua kwa sauti ili nikosee. Dada yake mrina asali hakunitazama wala kunihesabia. Alikuwa akiniwekea maji ya kunywa kwenye kata, juu ya kisiki, kisha akiingia ndani kabla sijafika.

Siku kumi na mbili hatukupata hata mmoja. Nilianza kupata usingizi mzuri usiku.

Siku ya kumi na tatu tulipita nyuma ya nyumba ya dada yule, mahali ambapo korongo hupanda kutoka bondeni na kichaka chake hufika hadi ukingo wa mtama. Nilisikia wavu ukipiga mgongo wangu. Kisha ukapiga tena.

Nikageuka. Mrina asali alikuwa ameukunja wavu mkononi. Mmakua, aliyekuwa amekuja kutusindikiza siku ile, akasogea kuchungulia.

"Wawili," akasema. Akajaribu kucheka. "Labda ni wageni. Wamekuja kusalimia, kesho wanaondoka."



"Karani," akasema mrina asali. "Hawa nao utawaandika?"

Nilitazama nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, imekandikwa upya, na nguo za kaniki zimeanikwa mlangoni. Nilitaka sana aniombe. Angeniomba ningepata la kukataa au la kukubali. Yeye alingoja tu, ameshika wavu, na mbung'o walikuwa bado wanasikika ndani yake.

"Nitawaandika," nikasema.

Akawatia katika chupa, akanipa.

Tulirudia ukingo ule kwa majuma mawili, na kila baada ya siku mbili tatu palipatikana mmoja, wakati mwingine hakuna. Kwingine kote mashambani hapakuwa na kitu. Hivyo ndivyo nilivyoandika, bila mshale. Bwana Mbung'o alikuja mwenyewe, akatembea njia nzima kwa kaniki, watu wakimtazama kwa furaha kubwa, na akaamua. Kitongoji kitabaki. Kichaka cha korongo kitafyekwa hadi bondeni. Nyumba tatu za ukingoni zitahamishwa upande wa pili wa mashamba. Nafasi ya ng'ambo alipewa mtu mwingine, na hilo halikunistaajabisha.

Nyumba ya dada yake mrina asali ilikuwa ya kwanza kati ya hizo tatu. Nilikwenda siku ya kubomoa nikabeba nguzo pamoja na wengine. Mumewe alinishukuru kwa upole wake, kwa kuwa mikorosho yao ilikuwa imebaki. Mkewe hakunishukuru, na sikuona kwa nini anishukuru. Alikuwa amesimama katikati ya kiwanja kipya, mahali pasipo na kivuli, akionyesha kwa mguu mahali pa kila shimo.

Nilipotua nguzo ya mwisho aliniuliza, "Na hapa? Hapa hawafiki?"

Nilitaka kumpa jibu ambalo angeweza kulalia. "Sijui, mama," nikasema. "Leo hawapo. Itanibidi nije kila mwezi nipime."

Akalifikiria hilo. Kisha akaniambia nije asubuhi mapema, kwa sababu jua likipanda yuko shambani na hapendi watu wazunguke nyumba yake akiwa hayupo.